Kibubu cha malengo, sanduku la kufuli tatu na kaunta buku, vikipimwa kwa kalenda ya korosho

Pesa ya korosho huja kwa mkupuo. Minada huanza Oktoba, malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huingia kwenye akaunti zao, na Januari ikiisha msimu nao umekwisha. Kazi ya korosho haina mkupuo: kuna kupogolea, palizi, kupuliza dawa, kuokota na kuanika, na sehemu kubwa yake huangukia miezi ambayo mfuko ni mtupu. Ndiyo maana kuanzia Mtwara Mjini hadi Newala, Tandahimba, Nachingwea na Liwale ndoto hunoga Novemba, noti zikiwa mkononi, ilhali jasho la ndoto hiyohiyo hudaiwa Juni. Kitu chochote kinachouzwa huku kwa jina la "malengo" kiulizwe kwanza: mwezi wa sita kitakuwa kinamfanyia nini mwenye nacho?

Hapa tunapima vitu vitatu ambavyo mtu wa Mtwara au Lindi anavipata bila kuagiza mbali: kibubu cha mbao chenye jedwali la namba, sanduku la chuma lenye kufuli tatu la kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na kaunta buku ya kawaida kutoka duka la steshenari.

Kibubu ndicho kinachopendeza machoni. Usoni kimechorwa nyumba ya kisasa au gari, juu pameandikwa maneno ya ndoto, na chini kuna vyumba vya namba ambavyo mtu huvikata kwa kalamu kila anapotumbukiza noti. Kibubu cha milioni moja kinaweza kupangwa hivi: vyumba 40 vya 10,000, vyumba 80 vya 5,000 na vyumba 100 vya 2,000. Jumla vyumba 220. Jedwali hilo lina thamani kuliko mbao yenyewe, kwa sababu linamwonyesha mwenye kibubu kwamba milioni ni vitendo 220 vya mkono wake, si kitu kimoja kikubwa kinachongojwa kishuke.

Kasoro ya jedwali huonekana baada ya wiki chache. Vyumba vya 2,000 hukatwa vyote, vya 10,000 vikabaki vinatazamana na mwenye nyumba. Kwa mkulima wa korosho mpangilio ugeuzwe: malipo ya mnada yakiingia, vyumba vya 10,000 vikatwe siku hiyohiyo kabla ya kupita dukani, na vile vidogo viachiwe Februari hadi Mei. Anayejaza vidogo kwanza wakati ana hela anajinyima kazi nyepesi ya kufanya atakapokuwa hana.

Kagua ubao kabla ya kulipa. Kibubu kilichogongwa misumari mifupi bila gundi hufunguka kwa bisibisi na kurudishiwa bila alama, na mwizi wa kwanza wa kibubu huwa ni mwenyewe. Tundu liwe na urefu wa sentimita 5 au 6 na upana wa milimita 5 hivi, noti iliyokunjwa iingie kwa kusukumwa. Tundu pana huruhusu kijiti chenye gundi kuvua noti. Ukipata chenye ulimi wa bati kwa ndani, chukua hicho. Kitako cha plaiwudi nyembamba ndicho huliwa na mchwa kwanza, kwa hiyo kibubu kisikae chini ya kitanda kwenye sakafu ya udongo. Na unyevu wa pwani, hasa Mikindani na Lindi Mjini, huzitia noti ukungu, hivyo vanishi ipakwe nje na ndani, si nje tu kwa ajili ya kung'aa.

Noti zenyewe nazo huzeeka. Benki Kuu ilipoziondoa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, dirisha la kuzibadilisha lilikuwa kati ya 6 Januari na 5 Aprili 2025. Kibubu kilichosahauliwa juu ya kabati hakisikilizi redio.

Lakini kasoro kubwa ya kibubu ni ile picha. Mwaka 1991 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti wa wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wakijiona akilini wameshakonda bila taabu walikuwa wamepungua takribani kilo 11 pungufu ya wale ambao mawazoni mwao waliyaona pia majaribu ya njiani. Baadaye Oettingen na Heather Kappes walipima hata msukumo wa damu: ndoto tamu huushusha, mwili unalegea kana kwamba mzigo umeshatuliwa. Kutarajia kwamba utaweza ni jambo jingine, na katika utafiti ule wa 1991 matarajio hayo yalisaidia. Kinachodhuru ni kukaa sebuleni mwa nyumba ambayo haina hata msingi. Sasa fikiria kibubu kinachokuonyesha nyumba hiyo kila asubuhi, nawe hukukata chumba hata kimoja wiki nzima. Ukinunua chenye picha, bandika karatasi juu yake uandike mahitaji ya shamba ya mwezi unaofuata.

Sanduku la kikoba ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ni mali ya watu kati ya 15 na 30. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Wanachama hununua hisa moja hadi tano kila wanapokutana, hukopeshana wenyewe, aghalabu mkopo usiozidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na baada ya miezi 9 hadi 12 kikoba huvunjwa, kila mmoja akachukua chake na faida. Kila hisa hugongwa mhuri kwenye kitabu cha mwanachama, jambo linalomfaa hata asiyejua kusoma: anahesabu mihuri yake kwa kidole na hakuna wa kumdanganya.

Sanduku lenyewe huundwa na fundi wa kuchomelea. Bati lake lisibonyee kwa kidole gumba. Masikio ya kufuli yawe matatu, yamechomelewa pande zote mbili, si kwa nukta mbili za haraka. Angalia zaidi bawaba, kwa sababu wanunuzi wengi hukagua mbele wakasahau nyuma: ziwe ndani, au kama ziko nje basi ncha za pini zichomelewe. Pini inayong'oka kwa nyundo na msumari hufungua sanduku kwa mgongoni, kufuli zote tatu zikiwa salama salimini. Pwani chuma kisichopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo huanza kuliwa kwenye maungio.

Kufuli ni somo lake. Kufuli za bei nafuu za aina moja hutengenezwa kwa meno yasiyotofautiana sana, kwa hiyo kabla ya kutoka dukani jaribu kila ufunguo kwenye kufuli mbili zisizo zake. Ni majaribio sita na hayamalizi dakika mbili. Ufunguo mmoja ukifungua kufuli mbili, kikundi kimenunua sanduku la kufuli mbili kwa bei ya tatu. Washika funguo watatu wasitoke nyumba moja, na asiwepo kati yao mtunza sanduku. Mhuri nao usiwe wa nyota au ua unaouzwa kila kona. Chongesha wenye alama ya kikundi, kwa sababu mhuri wa kununuliwa popote hugonga hisa popote. Ndani ya sanduku viwepo vitabu vya hisa, kidau cha wino, kikokotoo, bakuli mbili za kuhesabia, mfuko wa mikopo na mfuko wa jamii, na mifuko hiyo iwe ya rangi mbili ili pesa ya msiba isichanganyike na pesa ya mkopo.

Wengi hudhani kufuli tatu ni kinga dhidi ya mwizi. Mwizi hubeba sanduku zima. Kufuli zinazuia mtu asiguse hesabu kati ya mkutano na mkutano. Kinga ya fedha ni kuwa nje ya sanduku, mikononi mwa wakopaji, kwa sehemu kubwa ya mzunguko. Hatari halisi iko wiki nne au tano za mwisho, marejesho yote yanaporudi na hakuna mkopo mpya unaotoka. Kipindi hicho fedha zipelekwe benki au kwenye huduma ya kikundi ya simu ambayo kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Na kikundi kisajiliwe: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya namna hii katika daraja la nne.

Sasa turudi kwenye mwezi wa sita, maana hapa ndipo sanduku linapofaulu au kuanguka. Kikundi kinachovunja Desemba "kwa ajili ya sikukuu" kinafuata kalenda ya mwenye mshahara. Kwa mkulima wa korosho, pesa ya hisa inakutana na pesa ya mnada katika mwezi mmoja, na zote mbili huishia kwenye sabufa, vitenge na ngoma. Vunjeni mwishoni mwa Mei. Hesabu yake ni hii kwa hisa ya shilingi 2,000 na mkutano wa kila wiki. Juni hadi Oktoba ni wiki 22, hisa moja moja: 44,000. Novemba hadi Januari ni wiki 13, hisa tano tano: 130,000. Februari hadi Mei ni wiki 17, hisa moja moja tena: 34,000. Jumla 208,000 kabla ya faida, na inafika mkononi wakati shamba linaidai.

Shamba linadai nini? Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina mikorosho 28. Salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huhesabiwa gramu 250 kwa mti kwa mzunguko, mizunguko mitano, siku 14 baina yake. Hiyo ni kilo 7 kila mzunguko, kilo 35 kwa msimu. Dawa za maji zina hesabu yake, fuata kibandiko. Hata pale salfa inapopatikana kwa ruzuku, palizi hailipiwi ruzuku, wala kibarua wa bomba la kupulizia, wala mafuta ya bomba hilo. Asiyekuwa na hela hapo ndiye huangukia kangomba: anauza korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, nje ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza kupitia ghala na mnada ulioanza kutumika kwa korosho Mtwara msimu wa 2007/2008. Ndoto yake ya Novemba inakuwa imeuzwa Julai, naye hajui, anaendelea kuiota.

Kuvunja Mei kuna gharama yake, tusifiche. Mzunguko mpya unaanza Juni na sanduku tupu, wakati ambapo wanachama wanahitaji mikopo kuliko wakati wowote. Suluhisho ni kurudisha mtaji siku ileile ya kuvunja: wanachama 25 wakinunua hisa tano kila mmoja kabla ya kutawanyika, mfuko wa mikopo unaanza na 250,000. Hilo liandikwe kwenye katiba ya kikundi mwanzoni mwa mzunguko. Ukilipendekeza siku watu wameshashika bahasha, hutapata hata mkono mmoja juu.

Kaunta buku ni rahisi kuliko zote na ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, ingawa si kwa jinsi inavyotumiwa na wengi. Matumizi ya kawaida ni haya: tarehe 1 Januari mtu anaandika malengo ishirini kwa mwandiko mzuri, kiwanja, pikipiki, ng'ombe, kuacha sigara, kisha buku linalala mpaka watoto waligeuze la hesabu. Hiyo ni picha ya kibubu iliyoandikwa kwa maneno.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto ugawe sehemu nne: ndoto, tokeo, kikwazo, mpango. Mgawanyo huu ndio njia aliyoijenga Oettingen, ikikamilishwa na mipango ya "ikiwa, basi" ya Peter Gollwitzer, na mpangilio wake haugeuzwi: utamu kwanza, kikwazo mara tu baada yake, ili akili ishike vyote viwili kwa pamoja. Ukianza na kikwazo unakata tamaa. Ukiishia kwenye tokeo unalala.

Tuseme ndoto ni mabati 40 ya geji 28 yanunuliwe Novemba. (Geji ikipanda namba bati linapungua unene. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa chumvi, geji 30 ni kuokoa leo na kulipa kesho kutwa.) Tokeo liandikwe kwa jambo moja linaloonekana: mvua ya usiku inanyesha na hakuna anayehamisha mkeka. Kisha kikwazo, na hapa ndipo wengi huharibu. Huandika "bei ya korosho" au "serikali". Mwaka 2018 bei za wanunuzi zilikataliwa, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hakuna kaunta buku lililokuwa na uwezo wa kulipangia hilo. Kikwazo kinachofaa ni kile kilicho ndani ya mwenye buku: "mzunguko wa tatu wa salfa naurusha kwa sababu naamka jua limeshatoka." Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani na maua, unga upate kushika. Saa tatu asubuhi unapulizia shamba la jirani.

Mpango unajibu kikwazo hicho tu: "Ikiwa ni usiku wa kuamkia siku ya kupuliza, basi bomba linajazwa mafuta na kilo 7 zinapimwa na kuwekwa mlangoni kabla sijala." Mwingine: "Ikiwa ndugu atakuja kukopa wiki ya malipo, basi namwambia ya mabati imeshakwenda kwa muuzaji, ombi lake tulipeleke kikobani siku ya mkutano." Maneno yawe hayohayo ya kutamkwa, maana mtu anayeombwa na shemeji hana muda wa kutunga. "Nitajitahidi" si mpango. "Nitapuliza kwa wakati" nao si mpango, kwa sababu hausemi saa wala mkono unashika nini.

Ukurasa wa kulia piga mistari 26, kila mmoja siku 14. Urefu huo una sababu: mistari mitano ya kipindi cha maua inakuwa ndiyo mizunguko mitano ya salfa. Kwenye kila mstari andika kilo zilizotumika, miti iliyofikiwa, hisa zilizonunuliwa, na kazi moja ya siku 14 zijazo. Mstari ulioruka uachwe wazi, usijazwe baadaye kwa kukumbuka. Mwanya huo ndio unaoeleza Oktoba kwa nini miti tisa ya upande wa mashariki haikuzaa. Wakati wa mavuno mistari hiyo ibebe kuanika: siku mbili tatu za jua kabla ya gunia, kwa sababu korosho mbichi ikishushwa daraja ghalani, mabati 40 yanageuka 34 bila mtu kuiba.

Mara nyingine kikwazo kikishaandikwa kinaonekana wazi hakivukiki. Mwenye nusu ekari na mikorosho iliyozeeka hatapata mabati 40 kwa msimu mmoja. Hapo njia hii inamwambia apunguze iwe 20 au ahamishe mwaka, na tunahesabu hiyo kuwa sifa ya buku. Kibubu chenye picha kingemwacha aendelee kutabasamu.

Ndoto iwe moja kwa kurasa mbili hizo, mbili kwa mwaka zikizidi sana. Kaunta ya kwaya moja, kurasa 96, inatosha kwa miaka mingi, kwa hiyo usiuziwe kwaya nne. Chukua iliyoshonwa kwa uzi; za gundi huachia majani kwenye joto. Kalamu iwe ya kawaida ya wino mzito, za jeli huyeyuka kwa jasho la mkono. Na buku likae linapokaa bomba, si kabatini na vyeti.

Kwa mwenye kipato cha kila siku mpangilio wetu unageuka. Bodaboda, mama ntilie wa stendi au muuza samaki wa Shangani hana mkupuo wa Novemba wala ukame wa Juni, na kwake kibubu cha vyumba 220 kinashika nafasi ya kwanza, mradi vyumba vya 5,000 vipangiwe siku maalumu ya wiki. Kwa mkulima, kaunta buku kwanza, sanduku la pili kwa nukta chache, kibubu cha tatu kwa mbali.

Sanduku liagizwe Aprili ili liwe tayari mzunguko wa Juni unapoanza, na kufuli zinunuliwe kabla halijapakwa rangi: fundi achomelee masikio kwa kipimo cha kufuli zilezile. Tundu la sikio likibana, koti la pili la rangi linazuia kufuli isipite, na litakwanguliwa kwa tupa siku ya mkutano wa kwanza, kutu ianzie hapohapo.